Tone Linaloning'inia

Umeme umekatika tena hapa Bwera. Nageuza kioo cha hadubini
kilinase jua la saa nne,
jua lililoshuka Rwenzori na baridi bado mabegani.
Chini ya lenzi linaning'inia tone moja
la maji ya mchele. Ndivyo tunavyoyaita,
ingawa hakuna aliyepika
na hakuna atakayekula.
Ni la Muhindo, miaka sita.
Chupa imeandikwa na Nesi Kabugho, ambaye mkono wake hautetemeki,
na leo herufi zote zimelala upande.

Mwanzo huoni kitu.
Kisha jicho linazoea,
kisha uwanja mzima unachemka:
mikato iliyotoroka sentensi,
kila mmoja na mkia mmoja tu,
mwembamba hata neno "uzi" ni nene mno kwake.
Mkia hauchapi maji kama wa samaki. Unazunguka
kama skrubu inayoingia mbaoni,
na mbao yenyewe ni maji.

Maana kwa udogo wao maji si maji,
ni asali iliyoganda, ni lami ya asubuhi.
Mimi nikiacha kukanyaga pedali mteremko wa Kyarumba
baiskeli hunibeba yenyewe, na kanga yangu hupepea.
Wao mkia ukisita wamesimama papo hapo.
Hawajui mteremko.
Kila unywele wa safari wanaulipia taslimu.

Wala hawaoni. Wanaonja.
Hapa ni patamu kuliko nilipokuwa punde? Songa.
Pamechacha? Rudi kinyumenyume,
jipinde ghafla, shika upande usioujua.
Kumbukumbu yao ni fupi, haivuki hata chafya mbili,
na kwa hiyo hiyo fupi wanafika.
Baba yangu alivuka mto Lhubiriha vivyo hivyo,
begi kichwani, hajui mtu ng'ambo hii:
mlango huu, kuna kazi? Hakuna. Geuka.
Mlango ule? Labda kesho. Basi karibia kidogo.
Miaka mitatu ya kugeuka geuka
mpaka akaangukia kiwanda cha kahawa, na mama, na mimi.
Hakuwahi kusema alikuwa na mpango.

Lakini sikukaa hapa kuwasifu.
Kwenye friji ya gesi kuna kichupa cha seramu, kimebaki robo.
Thembo amesimama mlangoni na simu sikioni:
"Wilaya wanauliza. Ndiyo au siyo?"
Wakiwa wa jamii nyingine, wasio na ubaya huu,
seramu haitawashika, wataendelea na ngoma yao.
Wakiwa ndio, watanyamaza.

Nikadondosha.
Nikajikuta nawaombea, mimi niliyesomea kuwaua:
ogeleeni, jamani, ogeleeni,
msinifanyie hivi, Jumatano ni gulio Mpondwe,
watu elfu ngapi watakunywa mto ule ule.

Mmoja alipunguza mwendo.
Wawili wakanasana, wakazunguka kama walevi wanaoagana.
Kisha pale kwenye kona ya kushoto pakatulia,
na utulivu ukatembea,
ndicho kitu pekee kilichokuwa kikitembea,
mpaka ukafika upande wa pili.

"Ndiyo," nikasema.
Thembo hakuuliza mara mbili. Nilimsikia uani
akiita wenye klorini, akiita mtu mwenye pikipiki,
akimfokea msichana wa watu aweke chini dumu lake.

Nimenawa hadi viwikoni. Maji ya bomba
yanapita vidoleni meupe, safi,
na mimi nayatazama kama mtu aliyewahi kudanganywa.

Wodini dripu inahesabu polepole.
Kabugho ametokeza kichwa dirishani.
Hasemi amepona. Anasema tu
kwamba Muhindo, bila kusaidiwa na mtu,
amegeukia ukutani.